Zuhura Anakuja, Mimi Nabaki

Mji wa Kale,
Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi, na naomba barua hii ikukute umeacha kuchechemea. Ndugu yangu Komora ameniambia goti bado linakusumbua ukiinuka kwenye mkeka, na kwamba dawa ya kupaka umeikataa kwa sababu inanuka. Pakwa tu, mama. Presha je? Na mto umerudi mahali pake, au maji bado yamekaa kwenye mpunga? Mjomba Hiribae macho yake yanaendeleaje? Nauliza yote kwa pamoja kwa kuwa kwenye simu huwa tunaulizana hali, tunajibu njema, kisha salio linakwisha.

Komora atashuka kwenye basi hapo Garsen na Zuhura mkononi, nawe utatazama nyuma yao kunitafuta. Sitakuwepo. Ndiyo maana nimeandika. Mambo haya siwezi kuyasema kwa simu, kwani nyumba yetu ni ya vyumba viwili na Twalib yuko hapo nyuma ya ukuta akisikia, na sitaki ajisikie akizungumziwa kama mtu asiyekuwepo. Komora, wewe ndiye utakayemsomea mama. Soma Zuhura akiwa nje anacheza, na usiruke neno, hata pale ambapo hukubaliani nami.

Mama, ulimtuma Komora aje atuchukue sote wawili, mimi na mtoto, na ukasema nimwombe Twalib talaka yangu kwa wema. Sikukasirika. Ningekuwa wewe, nikasikia yaliyompata mjukuu wangu kwa uvumi wa simu, ningetuma ujumbe huohuo, au ningekuja mwenyewe. Lakini umesikia kipande tu. Nataka usikie kutoka mwanzo, kisha uniambie.

Twalib unamjua kwa siku zile za harusi. Pampu ya shamba la marehemu baba ilikuwa imelala tangu masika. Alivua kanzu yake mpya, akaomba spana kwa jirani, akaweka sikio karibu na injini Komora akiizungusha. Akasema, huyu haumwi sana, anataka mafuta safi tu. Jioni ile maji yalifika hadi kwenye ndizi, nawe ukaniambia jikoni kwamba hukupata mkwe, umepata mtoto. Na huku Liwatoni kazi yake ilikuwa hiyohiyo, injini za boti za uvuvi. Mafundi wenzake hufungua kwanza. Yeye alisikiliza kwanza, na watu walimngojea hata siku mbili wakijua akigusa kimekwisha.

Ugonjwa ulianzia palepale penye sikio.

Ilikuwa baada ya Idi ya mwaka jana. Alirudi kazini akaniuliza kama kuna mwenye boti anayelijua jina langu. Nikamwambia mimi wenye boti siwajui hata mmoja. Akasema kuna injini leo ilikuwa ikisema Habiba, Habiba. Nilidhani ananitania, nikacheka, naye akacheka kidogo kwa kuniona nacheka. Baada ya wiki chache hakucheka tena. Alisema zinamtukana. Alisema zinapanga jambo juu ya mtoto. Akawa anafungua injini nzima ambazo hazikuletwa kutengenezwa, anatandaza vyuma chini, hataki kuvirudisha. Tajiri wake alimvumilia, kwa haki ya Mungu alimvumilia sana, mwisho akaja hadi nyumbani akazungumza nami barazani, akitazama viatu vyake, akasema apumzike kwanza. Hakurudi tena kazini.

Hapa nyumbani aliziba madirisha kwa shuka zangu. Pikipiki ikipita kwenye kichochoro anajikunyata. Akaacha kula chakula changu mpaka mimi nionje kwanza, kisha akaacha hata nikionja. Mama, huyu ni mtu aliyekuwa akiniamsha kwa chai.

Watu wote waliokuja kututazama walitaka sababu. Wengine waliuliza kama anatumia unga. Wengine walisema ni deni la mzimu wa kwao lisilotimizwa. Wako waliosema chini kwa chini kwamba ni mimi, mgeni niliyetoka mtoni, nimemlisha kitu. Shangazi yake Bi Khadija, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ambaye ndiye mwenye nyumba hii tunayokaa, aliyasikia hayo na akawafungia mlango. Lakini naye aliamini ni jini. Akampeleka kwa mganga ng'ambo ya kivuko, wakakaa huko, akarudi amekonda, nguo zinanuka ubani, na bado anasikia.

Ustadhi wa msikiti wetu alikuja mara nyingi kumsomea. Kisomo kilimtuliza, siwezi kusema uongo. Akisomewa alikuwa akilala mpaka adhuhuri. Siku moja alipomaliza alituita mimi na shangazi akatuambia maneno ambayo sikuyatarajia kwake. Alisema, "Mimi nitaendelea kumsomea, na nyinyi mpelekeni hospitali. Haya mawili hayagombani." Shangazi alilia, kwani kwake hospitali ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba mtoto wake sasa anaitwa mwendawazimu na serikali.

Tulichelewa kidogo kukubaliana, na katika kuchelewa huko Twalib akatoka. Alikuta tuktuk imesimama penye duka la kahawa, injini inanguruma, dereva ameingia kununua. Akafungua nyuma akaanza kung'oa nyaya. Watu walidhani mwizi. Nilipofika walikuwa wameshampiga, wamemfunga mikono kwa kamba ya katani, damu inamtoka sikioni, na yeye anawashukuru. Anawaambia ahsanteni, sasa imenyamaza. Dereva wa ile tuktuk, kijana ambaye alikuwa na haki ya kudai fidia, ndiye aliyemfungua kamba.

Kituo cha polisi walisema hawana pa kumweka mtu wa namna hii, apelekwe hospitali. Hospitali ya karibu ilisema haipokei wa namna hii, apelekwe ile kubwa. Ile kubwa ikauliza kwa nini hakuletwa na polisi. Nilizunguka naye mji mzima nikiwa nimemshika mkono kama tunaenda harusini, shangazi nyuma na mkoba wa nguo, na kila mtu tuliyemwuliza alinyoosha kidole kuonyesha mahali pengine. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa mbele ya macho ya wote na akakosa mlango.

Tuliupata mwishoni. Wodi ya wagonjwa wa akili iko nyuma kabisa, ukishapita jiko na pa kufulia, na komeo liko nje. Ndani vitanda ni vichache kuliko watu, wanalala wawiliwawili. Sikumwacha kwa moyo mweupe. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango mpaka walinzi wakanizoea.

Alikuwako humo muuguzi mmoja, mtu wa bara, anaitwa Kerubo. Wauguzi wote walikuwa wamechoka, naye alikuwa amechoka, lakini alikuwa akivuta kiti na kukaa. Wengine walimwuliza Twalib anasikia sauti gani, naye hakujibu. Yeye alimwuliza injini ya boti ikitoa moshi mweupe ina nini. Twalib akamwambia maji yameingia pasipotakiwa. Lilikuwa jibu lake la kwanza tangu alipoingia. Nilikuwa mlangoni nikasikia, nikaenda kulia chooni.

Kerubo ndiye aliyenieleza. Aliniambia, "Habiba, huu ni ugonjwa, kama presha ya mama yako. Dawa haiuondoi, inaushika. Ikiachiliwa, unarudi." Akaniambia nisimwulize sababu, kwani hata yeye Twalib hana.

Na dawa zilimshika kweli, mama. Alipotoka alikuwa anakula, analala, anaswali jamaa msikitini. Alikuwa mzito kidogo, ananenepa, maneno yake yanakuja polepole, na mikono ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni dawa. Fundi mkono wake ukitetemeka hata skrubu ndogo haimkubali. Nilimwona mara moja amekaa ukumbini anajaribu kufunga saa ya ukutani ya shangazi, akaiweka chini taratibu, akaenda kuoga. Lakini alikuwa baba wa Zuhura tena. Alikuwa akimpeleka chuoni kusoma Kurani na kumrudisha, wakija wanahesabu paka njiani. Wakati ule ndio niliokuwa nikikwambia kwenye simu kwamba mambo yametengenea, na sikukudanganya.

Sindano aliyopangiwa hospitali kila mwezi ndiyo iliyotutupa. Kliniki ni asubuhi moja tu kwa wiki, daktari mmoja, na watu wanatoka hadi Kwale na Kilifi kuja kupanga foleni ile. Mwezi mmoja tukafika zamu yetu, tukaambiwa sindano haijaja, tukanunue nje. Nje maduka mengine hayakuwa nayo, na lile lililokuwa nayo halikuwa la watu kama sisi. Wiki iliyofuata tukaambiwa vivyo hivyo. Nikasikia kuwa siku hizi kila zahanati ina huduma hii, mtu hana haja ya kwenda mbali. Nikaenda. Kweli, kuna chumba kimeandikwa Afya ya Akili kwa rangi nzuri ya buluu. Nilipofungua, kumejaa katoni za vyandarua mpaka juu. Mama mmoja mfagiaji akaniambia, mwanangu, mtu wa chumba hicho bado hajaletwa.

Nilimwona akirudi kule polepole. Alianza kuniomba nizime feni.

Sasa nakwambia yale uliyoyasikia nusu. Alikwenda kumchukua Zuhura chuoni kama kawaida yake, na mwalimu akampa, kwa kuwa ni baba yake na kwa miezi ndiye aliyekuwa akimchukua. Hawakufika nyumbani. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kuuza mahamri yangu, nikamwuliza shangazi, shangazi akasema alidhani wako nami. Sijui nikueleze vipi. Nilitoka bila viatu. Majirani walewale waliokuwa wakinung'unika walitoka wote, wanaume kwa wanawake, kila mtu na kichochoro chake, wakiliita jina la mtoto. Walitafuta forodhani, walitafuta sokoni, wengine walishuka majini na mimi nikajua wanatafuta nini humo, wala hawakutaka kunitazama.

Aliyekuja kutuambia ni yule tajiri wake wa zamani. Mlinzi wa Liwatoni alikuwa amewaona. Kule nyuma kuna uwanja wa boti zilizokufa, zimepandishwa nchi kavu, hazina injini tena. Walikuwa ndani ya moja, chini, gizani. Zuhura amefunikwa koti la baba yake, na Twalib amemziba masikio kwa viganja vyake viwili, amekaa hivyo tangu saa za adhuhuri mpaka alasiri ilipokwisha. Hakumgusa kwa ubaya, mama. Nakuapia. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo. Lakini alikuwa amejikojolea, na alikuwa halii, na hilo la kutolia ndilo lililonitisha.

Nilimwuliza Twalib kwa nini. Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayekupa siri ya kukuokoa.

"Nimemleta hapa kwa sababu hapa zote zimezimwa."

Alirudishwa wodini. Sindano ikapatikana safari hii, Kerubo aliiomba kutoka wodi nyingine, sijui aliipataje. Na mtoto tangu siku ile hajakaa sawa. Anaongea nami kwa kunong'ona. Analowesha kitanda, yeye aliyekuwa ameshaacha. Baba yake aliporudi, mtoto alijificha nyuma ya buibui langu, na Twalib aliona. Alirudi chumbani akafunga mlango mwenyewe.

Hivyo ndivyo Komora alivyotukuta. Hakufanya ukali, mama, usimgombeze kwa kurudi na mmoja. Aliniambia maneno yako yote. Shangazi Khadija naye alinishangaza, alisema niende. Alisema yeye ndiye aliyemlea, yeye ndiye atakayemzika, mimi bado kijana. Kisha Twalib, ambaye sote tulidhani amelala, alitoka akakaa nasi. Akamwambia Komora kwamba mtoto aende. Akasema hamwamini yule mtu anayekuwa yeye akiumwa. Kwa upande wangu hakusema niende wala nibaki. Alisema, "Habiba aamue. Mimi nikimwambia chochote itakuwa ni kumwomba."

Nimeamua, mama, na nakwambia kwa nini. Kule wodini yuko bwana mmoja anaitwa Charo. Ni mtu mzima, mpole, anakunja shuka za wenzake. Kila nilipokwenda nilimkuta amevaa shati lake na viatu, amekaa karibu na mlango. Nilidhani ni ndugu wa mgonjwa. Kumbe ni mgonjwa. Alishapona, ameruhusiwa zamani. Waliomleta waliacha nambari ya simu isiyoita. Anavaa kila asubuhi, anangoja, jioni anavua. Nilimwuliza Kerubo itakuwaje. Akasema hajui, hana pa kumpeleka.

Nimekaa kwenye mabenchi yale nikaona nani anapata dawa na nani anakosa. Anayepata ni mwenye mtu wa kusimama dirishani akiuliza tena na tena, wa kurudi kesho, wa kumjua muuguzi kwa jina. Asiye na mtu anaambiwa haijaja, anaondoka. Shangazi miguu haimbebi tena mpaka kule. Nikiondoka mimi, Twalib atakaa kwa shangazi mwezi mmoja, miwili, sindano itakosekana, na safari ijayo wale watu wenye kamba huenda asiwepo wa kuwazuia. Au atapona, na atavaa viatu akae karibu na mlango. Siwezi, mama. Sisemi kwamba ni mapenzi tu, ingawa yapo. Sitaki kuwa mtu aliyeacha nambari isiyoita.

Wala sitaki mtoto wangu alipe kwa uamuzi huu. Kwa hiyo nakupa wewe. Nimeyaandika maneno hayo kisha nikaweka kalamu, nikaenda kumtazama alivyolala, nikarudi. Hakuna jambo gumu kama hili nililowahi kulifanya, na sitaki uniambie nimefanya vizuri.

Zuhura halali bila kushikwa kidole cha mkono. Akilowesha kitanda usimseme, badilisha tu shuka, yeye mwenyewe anaona haya. Wali anaupenda ukiwa mkavu. Akikaa kimya usimlazimishe kuzungumza, mpe kazi ya mikono, mwache apepete mchele nawe. Asikae karibu na pampu ikiwa inawaka, mpaka mwenyewe atake. Asiende mtoni peke yake. Na atauliza, mama. Akiuliza baba ana nini, watoto wa jirani watakuwa wameshampa majibu yao. Wewe usimwambie wazimu, usimwambie jini, wala usimwambie amesafiri. Mwambie anaumwa, yuko kwenye dawa, na mama anamwuguza. Mwambie yale aliyoyafanya baba aliyafanya kwa hofu, kwa kumpenda na hofu. Hata kama hataelewa sasa, yakae ndani yake mapema kuliko yale mengine.

Nitapiga simu kila Ijumaa baada ya swala, na akikataa kuzungumza nami, wewe niwekee tu simu karibu naye nimsikie akicheza.

Nisalimie mjomba Hiribae, mwambie mambo ya macho asiyafanyie ukaidi. Nisalimie mama mdogo Amina, na mke wa Komora, ambaye najua sasa ana mtoto mmoja zaidi wa kumwosha na hatasema neno. Msalimie bibi wa jirani aliyenifunza kusuka mikeka. Usiache kumfikishia salamu mwalimu wa shule, mwambie huyu anayekuja anajua kusoma, ila kwa sasa anasoma kwa kunong'ona. Shangazi Khadija anakusalimu sana, anasema umsamehe mtoto wake.

Mama, usinikasirikie. Ukikasirika, niombee hivyohivyo.

Ni mimi bintiyo,
Habiba

Mama, Twalib ameomba aandike mwenyewe hapa chini. Mkono wake unatetemeka, Komora asome polepole.

Mama shikamoo. Ni mimi Twalib. Sikumtupa mwanangu. Naumwa.